Nusu ya Bakuli

2 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta kwa mteja, mimi mkono mzima ndani ya ng'ombe anayezaa, mwenzangu kashika mkia kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mwingine. Ndama katoka mzima. Mwenye ng'ombe kalia kwa furaha. Mimi nikanawa.

Huyu mwenzangu wa kliniki tunamwita Mapafu, kwa sababu hata akinong'ona anasikika getini. Ndiye aliyenipa shajara hii. Yeye kapewa bure na muuza dawa za minyoo, ndiyo maana kila ukurasa una mnyoo umechorwa pembeni. "Andika, Daktari," kaniambia. "Mwezi mzima hujalia wala hujamtukana mtu. Utapasuka bure." Nimemwambia ndani hamna cha kupasuka. Ila kalamu ninayo, basi naandika.

Kwa kumbukumbu: kaka yangu alifariki mwezi uliopita. Alikuwa fundi wa mafriji, akapigwa na umeme ndani ya chumba baridi cha bucha. Mimi ndiye niliyeitwa hospitali kumtambua. Nikamtambua, nikatia sahihi, nikarudi kazini mchana uleule kwa sababu kulikuwa na paka wa kushonwa. Sasa nimehamia kwa Mama, asibaki peke yake na mbwa. Watu wakinipa pole nasema asante, kama mtu anayerudishiwa chenji.

3 Machi

Mvua. Kuku wa watu wana mafua.

6 Machi

Mbwa anaitwa Meneja. Kaka ndiye aliyempa hicho cheo, maana tangu utoto wake hajawahi kufanya kazi yoyote isipokuwa kukaa getini na kuwakagua wanaoingia. Pua fupi, kifua kipana, mdomo umeshaota mvi. Kaka alipokuwa hai walikula pamoja: Kaka anakula nusu ya sahani, nusu anammwagia Meneja. Mama alikuwa anagomba kila siku. Sasa angetoa chochote apate hiyo sababu ya kugomba.

Tangu msiba, Meneja halimalizi bakuli lake. Anakula nusu, nyingine haigusi, na siyo kwamba anabakiza hovyo hovyo. Wali umekatika katikati utadhani umepigiwa rula. Akimaliza anakwenda kwenye kona, ukuta unapokutana na mlango wa chumba cha Kaka, anaweka paji la uso ukutani na kusimama hapo.

"Anamwachia mwenzake," Mama kaniambia leo, ameshika kiuno, anamtazama. "Halafu anakwenda kumlilia mlangoni. Mnyama huyu ana utu kuliko watu."

Aliposema watu alinitazama mimi. Nilikuwa mezani. Nilikuwa nimekula kidogo na kuacha, kama kawaida yangu siku hizi. Mama akaichukua sahani.

9 Machi

Mvua. Nimehasi paka watatu. Hakuna la kuandika.

11 Machi

Fundi cherehani wa karibu na kliniki kaleta jibwa lake la kizee, analivuta kwa mkanda wa gauni. Eti limekuwa na mawazo. Linazunguka meza ya cherehani, daima upande uleule, na likichoka linasukuma kichwa ukutani. "Nadhani limenichoka," anasema. "Nami nimelichoka, lakini mimi sisukumi ukuta."

Kabla halijapanda mezani nilishajua. Nikalitishia jicho kwa kidole, upande mmoja likapepesa, wa pili kimya. Nikaukunja mguu wake, mgongo wa kidole ukagusa chini, likauacha vivyo hivyo kama siyo mguu wake. Nikamwambia mwenyewe pale pale: mbwa mzee anayezunguka upande mmoja na kuegemeza kichwa ukutani hana mawazo, ana kitu ndani ya kichwa. Uvimbe, kwa umri huu. Nikampa dawa ya kupunguza presha ya ubongo, nikamweleza itamsaidia kwa muda, siyo kumponya. Mama wa watu akajifuta macho kwa ule mkanda.

"Dakika mbili!" Mapafu akasema alipoondoka. "Kuna watu wanasomea hiyo na bado wanapima minyoo."

Jioni nimerudi nyumbani, nimemruka Meneja kwenye kona yake ili nipite. Bado anaomboleza.

14 Machi

Bati la ukumbi wa jikoni linavuja. Fundi kasema atakuja kukikauka, kwa hiyo hatakuja. Meneja kaanza kuzunguka meza ya sebuleni. Mama anasema anamtafuta. Kamtandikia zulia kando ya meza, pale anapopita, asiteleze kwenye sakafu. Nawasikia wakizungumza, yaani Mama anazungumza. "Hayupo, baba. Hata mimi nilitafuta huko." Nilikaa na gazeti la juzi mpaka wakamaliza.

17 Machi

Leo nimejua, na nimejua kwa sababu ya bati bovu.

Nilikuwa nyumbani mchana, Mama kaenda dukani. Meneja keshakula nusu yake na kuondoka. Tone la bati likawa linaangukia ndani ya bakuli, tii, tii, wali unalowa. Nikalisukuma bakuli kwa mguu lisogee. Lilikuwa la bati, sakafu ina maji, likateleza na kujizungusha. Meneja akasikia mlio, akarudi, akainamisha kichwa, akala. Alikula kama mbwa aliyeshinda na njaa. Akasafisha nusu ile ile aliyokuwa akimwachia mwenzake.

Nikasimama. Nikaenda jikoni, nikachota wali mwingine, nikajaza. Akala nusu ya kushoto, akaacha ya kulia, akanitazama kama mtu aliyeshiba. Nikaligeuza bakuli. Akaanza upya. Nikajaza tena, nikageuza tena. Mara ya tatu nilikuwa najua ninachokiona ila mikono ilikuwa inaendelea tu.

Hakuwa anamwachia mtu. Macho yake mazima, hayana kasoro. Ubongo ndio umeacha kupokea habari za upande wa kulia. Kwake yeye bakuli lina nusu moja tu, na hiyo ameimaliza. Hajui kwamba kuna nyingine. Hajui kwamba kuna kulia.

Nikapiga magoti palepale kwenye maji. Nikamtishia jicho la kushoto: akapepesa. La kulia: kimya. Mguu wa kulia wa mbele nikaukunja, akauacha. Wa nyuma, akauacha. Begani upande wa kulia manyoya yamepukutika, na sasa naelewa ni fremu za milango anazozigonga akipita. Anazunguka kwenda kushoto, siku zote kushoto, na mimi niliona zulia tu.

Mbwa wa fundi cherehani nilimjua kabla hajapanda mezani. Huyu nimekuwa namruka.

Nimejiuliza kwa nini, na jibu sikulipenda. Nilimwamini Mama kwa sababu ilinifaa. Nyumba ilikuwa na msiba na alihitajika mtu wa kulia. Meneja alikuwa anaifanya kazi hiyo vizuri, nami nikamwachia.

Mama akarudi, akaweka kikapu, akachungulia bakuli. "Kala chote?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Mvua iliharibu. Nimemwaga," nikamwambia. Akashusha pumzi.

18 Machi

Nimemweleza Mapafu. Akashtuka kweli, akakaa juu ya ndoo. "Mwambie mama yako leo leo."

"Nimwambie nini? Kwamba hakuna anayemlilia mwanawe ila yeye?"

"Si upo wewe?" akasema, kisha akaona uso wangu, akaanza kupanga sindano. Kwa kuwa alikuwa ananong'ona, foleni nzima ilisikia. Mwenye mbuzi akaniambia pole. Asante, nikasema.

20 Machi

Nimejaribu wakati wa chai. "Mama, nataka nikampime Meneja."

"Ana nini?"

"Hayuko sawa."

"Hayuko sawa ndiyo. Kafiwa." Akakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani. "Siku hizi na huzuni nayo inapimwa?"

 Nina leseni ya kufungua tumbo la farasi na nimeshindwa kumjibu mama yangu kwenye meza ya chai.

21 Machi

Mvua.

24 Machi

Radi imepiga saa za chakula, na Meneja akaanguka. Shingo ikapinda, miguu ikawa inapiga mbio hewani, mate, mkojo, meno yanagongana. Mama alikuwa sakafuni kabla yangu. "Amemwona!" akawa anapiga kelele. "Amemwona, anamkimbilia! Muache amfuate!" Nikamtoa mikono asing'atwe. Nikamwekea mbwa khanga chini ya kichwa, nikahesabu pumzi zake, nikasogeza kiti asijigonge. Kazi tu. Nilikuwa na utulivu wa kutisha na nilijua unatisha.

Ikapita. Meneja akainuka, akatembea hadi ukutani, hakututambua. Akamkoromea Mama. Hajawahi kumkoromea.

Mama akakaa kwenye kiti, mikono mapajani. "Huyo siyo anayelia," akasema taratibu. Kisha: "Mchukue. Mpime."

30 Machi

Leo Jumapili nimempeleka Meneja kwenye mashine ya picha za sumaku, ile MRI. Ipo moja tu huku kwetu, na ni ya watu, kwenye hospitali ile ile niliyoitwa mwezi ule. Mtaalamu wa picha ana mbwa watatu ambao nimewahi kuwatibu, na mkuu wake ametoa kibali tutumie mashine siku isiyo na wagonjwa, mradi tusafishe kila unywele. Mapafu alikuja na ndoo na dawa ya sakafu, anatembea kwa vidole kama mwizi, anauliza "Hapa wapi tunapita?" kwa sauti ya tarumbeta.

Nilimlaza Meneja kwa sindano nje, ndani ya gari. Tukamweka kwenye kitanda cha magurudumu, tukamfunika shuka mpaka juu ya masikio. Korido ni ile ile. Rangi ya kijani hadi kiunoni, juu nyeupe. Chumba nilichomtambulia Kaka ni mlango wa mwisho, picha ni mlango wa kabla yake. Niliutazama ule wa mwisho nikangoja kitu kije. Hakikuja.

Kulikuwa na bibi mmoja kwenye benchi, kaja kumwona mgonjwa wake. Akaona kitanda, umbo dogo limefunikwa, na mimi nikisukuma. Akasimama kwa shida akatupisha, akanigusa mkono. "Pole, mwanangu. Pole sana. Ni wa kwanza?"

Ningeweza kumwambia ni mbwa. "Ni wa mwisho," nikasema. Sijui nilimaanisha nini. "Asante, bibi." Na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisema asante na nikaisikia ikitoka.

Picha zimetoka vizuri. Tulipomchoma dawa ya kung'arisha kwenye mshipa, pakatokea tufe jeupe upande wa kushoto, limeota kwenye utando unaofunika ubongo, ukubwa wa zabibu. Mstari wa katikati umesukumwa pembeni, na pembeni ya tufe ubongo umevimba maji. Mtaalamu wa picha akabofya, akakuza, akakaa nyuma.

"Ulijuaje upande kabla hujaja?"

"Bakuli," nikasema.

Mtu wa kumpasua mbwa kichwa hapa hayupo. Wa kumchoma kwa mionzi hayupo. Kuna vidonge vya kushusha uvimbe wa maji na vidonge vya kuzuia kifafa, na kuna muda. Miezi, kwa bahati nzuri.

2 Aprili

Nimemwambia. Nilipanga maneno nikayasahau, kwa hiyo nilifanya. Nikajaza bakuli mbele yake. Meneja akala nusu yake. Mama akatikisa kichwa kwa upole, kama anavyofanya kila siku.

Nikainama, nikaligeuza.

Aliutazama wali ukiisha mpaka punje ya mwisho. Nilimweleza pole pole: tufe, upande wa kushoto, kwa nini haoni kulia, kwa nini kona, kwa nini meza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo hakuwa anamlilia mwanangu."

Daktari mwenye akili angesema hajui. "Hapana, Mama," nikasema.

Akaenda kulikunja lile zulia.

3 Aprili

Mama hasemi nami. Vidonge vimeanza.

4 Aprili

Hasemi. Mvua.

5 Aprili

Kaniambia nifunge dirisha.

12 Aprili

Dawa imeshika. Meneja kamaliza bakuli bila kugeuziwa. Hasukumi ukuta. Asubuhi alikwenda getini, akakaa, akamkagua muuza maziwa kwa dharau yake ya zamani. Muuza maziwa akampigia saluti. Mapafu alipopita kumwona akapiga makofi. "Meneja karudi ofisini!" Nilimweleza Mama kwamba si kupona, ni nafuu.

"Nafuu," Mama akasema. Alikuwa ameliokota bakuli, analiangalia ndani. Lilikuwa linang'aa. "Amemsahau upesi."

13 Aprili

Fundi cherehani kaja kusema jibwa lake limefia usingizini. Kaniletea aproni kaishona mwenyewe, ina mfuko mkubwa. Asante, nimemwambia.

19 Aprili

Nilikuta Mama kamkalisha Meneja kwenye mlango wa chumba cha Kaka, kamshika kichwa kwa mikono miwili, anakielekeza ukutani. Meneja akajinasua akaenda getini. Mama akaniona. "Nilikuwa namtafuta viroboto," akasema.

Wakati wa chakula kaniambia, bila hasira kabisa: "Wewe macho yako yalikauka tangu siku ile. Sikulaumu. Ila ni nyumba gani hii, mtu anakufa na hakuna sauti nyingine ila yangu?"

 Kulikuwa na nusu ya wali kwenye sahani yangu na ilikuwa imepoa. Nikasema nimeshiba.

25 Aprili

Mvua usiku na mchana. Njia ya kliniki imekuwa mto. Mapafu kabebwa mgongoni na mteja.

5 Mei

Meneja kaacha nusu ya bakuli. Kulia tena. Jioni alikuwa kwenye kona.

Tufe limekua, mapema kuliko nilivyotumaini. Nimeongeza kidonge asubuhi na jioni. Dawa anapewa na Mama, nami natoka alfajiri.

8 Mei

Hakuna nafuu. Nimeongeza tena. Haielekei, kwa kipimo hiki angepaswa kuonyesha tofauti hata kidogo. Nimezitazama tena picha zile na kujiuliza nilikosea wapi. Mama yuko mchangamfu. Kapika. Katandika zulia.

11 Mei



Leo mchana Mapafu kanijia mbio kwenye boma la mteja: Mama kapiga simu, Meneja kaanguka na hainuki. Njia yote matope. Nilipofika alikuwa ameshashikwa na kifafa mara kadhaa mfululizo, moja haijaisha nyingine inaanza. Mama yuko chini, kakumbatia kichwa chake, mkono wake umeng'atwa unatoka damu wala hana habari. Nikamchoma dawa mshipani, ikatulia. Nikaosha jeraha la Mama, nikalifunga. Nikamwambia sielewi, kwa vidonge vyote vile haikupaswa.

"Hakuwa anakula vidonge," Mama akasema.

Mvua ilikuwa inapiga bati, nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia.

"Nimeacha kumpa. Siku nyingi. Naviweka kwenye viatu vya kaka yako, pale barazani." Hakuficha uso. "Nilitaka aiache ile nusu. Basi tu. Nilitaka niamke asubuhi nikute mtu kaacha kitu kwa ajili yake."

"Mama, nilikuonyesha. Nililigeuza bakuli mbele yako."

"Uligeuza, nikaona. Mimi siyo mjinga, mwanangu. Najua haoni. Lakini wali ulikuwa unabaki." Akaanza kulia, kwa ile sauti yake ambayo nimeizoea kama sauti ya friji. "Nani mwingine alikuwa analia nami? Wewe? Wewe ulirudi kazini!"

Nilikuwa na hasira, nakubali. Ilikuwa kitu cha kwanza chenye joto kuingia ndani yangu tangu mwezi ule. Nilitaka kumwambia ameua mbwa wa mwanawe. Nikatoka barazani. Viatu vya kazi vya Kaka vipo pale pale, midomo imefunguka, na ndani vidonge vyeupe vimelowa vikashikana. Nikavitazama. Nikatazama na mguu wangu uliokuwa ukimruka Meneja kila jioni. Kila mtu humu ndani alimtaka huyu mbwa amfanyie kazi yake.

Nikarudi ndani. Mama akanitazama anangoja nimpige maneno.

"Sijui kwa nini silii," nikamwambia. "Najaribu. Nakwenda mpaka kwenye ule mlango, nangoja, hakuna kitu."

 Sidhani kama aliwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kujaribu.

12 Mei

Hajainuka. Kula hali. Jicho la kushoto linafuata sauti, basi. Naweza kumrudishia vidonge, na vitampa siku chache za kulala hapo sakafuni. Au naweza kumchoma sindano ya mwisho. Nimemweleza Mama vyote viwili. Kasema, "Angekuwa wa mteja ungefanyaje?"

Nikamwambia.

"Basi fanya hivyo. Lakini ufanye wewe. Asije mwingine."

13 Mei

Mapafu alikuja kusaidia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutoa sauti. Alipeana mkono na Mama kimya, akakaa karibu na mlango kashika kofia.

Mama akaja kukaa upande wa kulia wa Meneja, karibu na mgongo wa kiti. Nikamsimamisha. "Hapana, Mama, njoo huku. Kaa kushoto. Huku ndiko anakokuona."

Akazunguka. Akakaa sakafuni kushoto, akainamisha uso. Meneja akamwona. Mkia ukagonga sakafu kidogo, kimeneja, kama asiyetaka kuonekana amefurahi. Mama akacheka na kulia kwa pamoja. "Nipo, baba," akamwambia. "Nipo huku huku."

"Ataumia?" akaniuliza bila kugeuka.

"Atachomwa mara moja. Halafu atalala."

Nikampata mshipa. Nikafanya. Nikaweka sikio kifuani nikasikiliza mpaka pakawa kimya, nikasema, "Tayari," kama ninavyosema kwa wateja wote. Tukamzika pembeni mwa geti, mvua ikisimama na kuanza. Mapafu alichimba. Mama akaleta bakuli, nikadhani anataka kulizika naye, lakini akalitumia kumwagia maji ya kunawa mikono yetu, akarudi nalo jikoni.

14 Mei

Kazini. Mbuzi, mbuzi, paka.

17 Mei

Muuza maziwa kafika getini, kapiga saluti kwa mazoea, kisha kasimama hapo na debe lake. Mama alimtazama kutoka dirishani. "Hata huyu," akasema.

22 Mei

Jua limetoka. Fundi wa bati kapanda juu, anagonga misumari na kuimba vibaya. Mama kavianika viatu vya Kaka ukutani, kavisugua ndani.

Mchana tumekula wawili, mezani, mlango uko wazi. Tulikula tukisikiliza nyundo. Nikafika pale ninapofikia siku zote, nikaweka kijiko. Mama alikuwa ameshamaliza chake. Akaiangalia sahani yangu, wali umebaki upande mmoja, umekatika katikati. Nikangoja aniondolee.

Akanyoosha mkono wake wenye bandeji. Akaishika sahani ukingoni, na pole pole, bila kumwaga hata punje, akaigeuza.

 Alirudisha mkono mapajani, akakaa, akanisubiri.

Nikashika kijiko. Nilikula tonge moja, la pili likagoma kushuka. Nikamwona Kaka akisukuma nusu ya sahani yake kwenye bakuli la bati, Mama anagomba, Kaka anacheka kinywa kimejaa, na nikalia. Nililia kwa sauti mpaka fundi wa bati akaacha kugonga. Mama hakuninyamazisha. Alivuta kiti chake akakaa karibu, naye akaanza kulia, na tulipochoka akasema wali umepoa, ngoja akaupashe.